Kwa Mwoga Huenda Kicheko

Kila asubuhi kabla sijawasha pikipiki, Mama alikuwa akiniambia maneno yaleyale: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Hakuwa akiniaga, alikuwa akinionya. Nyumbani tunaongea Kikamba, lakini methali hiyo aliipata shuleni kwa mwalimu wake wa Kiswahili, akaja nayo Nairobi pamoja na sufuria mbili na godoro. Nilipoanza kazi ya boda boda, akaona methali yake imepata kazi pia. Maana yake kwake ilikuwa rahisi. Lori likipiga honi, lipishe. Matatu ikikuchomekea, iachie barabara. Mtu akikutukana, nyamaza. Mwoga hurudi jioni akala chakula chake kikiwa moto. Shujaa huletwa nyumbani na majirani.

Nilimtii. Niko barabarani tangu 2016 na sijavunjika hata kidole. Lakini kuna jioni moja ambayo uoga wangu haukuleta kicheko kwa mtu yeyote, na ni jioni hiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu kila ninachojua leo kuhusu kuongoza watu kilianzia pale, mahali ambapo sikumwongoza hata mtu mmoja.

Steji yetu iko kwenye njia inayoingia mtaani kutoka Barabara ya Kangundo. Wakati huo tulikuwa watu 31. Ilikuwa Novemba 2019, saa kumi na moja jioni, mvua imetoka kunyesha. Mwenzetu mmoja alikuwa akirudi steji bila abiria. Barabara ilikuwa imejaa magari, hivyo akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya na tunajua hakifai: akahamia upande usio wake, akaja akiyakabili magari. Gari dogo jeupe likakata kona likiwa upande wake halali. Wakagongana.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi hivi kutoka hapo, nikingoja mahindi yangu yaive kwa mama wa mahindi choma. Niliona kila kitu, tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuhitaji kusimuliwa.

Mwenzetu alivunjika mkono. Dereva, mwanaume wa makamo, alishuka akiwa ameinua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Dakika mbili hazikuisha kabla pikipiki hazijafika kutoka steji zote za karibu. Mtu akapiga kelele, "Ametuulia mtu!" Na huyo mtu aliyeuawa alikuwa ameketi pembeni mwa barabara, ameshika mkono wake, akiuliza nani ameona simu yake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wale waliokuwa nyuma hawangeweza kumwona aliyeketi. Waliweza tu kusikia kwamba kuna aliyekufa.

Dereva akakimbia. Mwenye bucha mmoja akamvuta ndani akafunga mlango wa chuma, na nadhani hilo ndilo lililookoa maisha yake. Hasira zote zikabaki kwenye gari. Hapo ndipo mtu akanitia mkononi chupa tupu ya soda, ya nusu lita, akaniambia, "Leta petroli."

Nikaleta. Nilichomoa mpira wa petroli chini ya tangi la pikipiki yangu mwenyewe, nikajaza chupa, nikarudi nayo. Ningependa kuandika kwamba sikufikiri, kwamba nilichukuliwa na umati kama maji yanavyochukua kijiti. Si kweli. Nilifikiri. Nikiwa nimechuchumaa pale nikingoja chupa ijae nilijiambia waziwazi: huyu dereva hana makosa. Kisha nikajiambia: nikisema hivyo, watanigeukia mimi. Chupa ikajaa. Nikasimama.

Gari liliungua hadi likabaki mifupa. Polisi walipofika hapakuwa na mtu wa kuwaambia chochote. Mimi nilikwenda nyumbani mapema, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga mara tatu, na bado wakati wa kula nilisikia harufu ya petroli kwenye ugali.

*

Steji yetu ilikuwa na mwendeshaji mmoja aliyetupita sote kwa umri, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kuendesha boda boda ya baiskeli huko Busia kabla pikipiki hazijajaa. Tulimwita Mzee, hivyo tu. Ni yeye aliyetusimulia kwamba jina la kazi yetu lilizaliwa pale mpakani, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda. Pia ni yeye aliyekuwa akitukumbusha kwamba kabla ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, vijana kama sisi hawangeota kumiliki pikipiki. "Mnadhani hii kazi ilikuwako tangu Adamu," alikuwa akisema.

Siku mbili baada ya gari kuchomwa, alinikuta peke yangu nikipiga pikipiki msasa.

"Wewe juzi ulikuwa kwa mama wa mahindi."

"Ndiyo, Mzee."

"Uliona?"

Nikanyamaza kidogo. "Niliona."

"Nani alikuwa na makosa?"

"Ni wetu."

Hakunikemea. Alitazama barabara kwa muda, kama mtu anayengoja abiria. Kisha akasema, "Wale wengine walichoma wakiwa hawajui. Wewe ulichoma ukijua." Akavaa helmeti yake akaenda.

Maneno hayo yalinikaa. Mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne na alama ya B-, mimi ndiye niliyekuwa nikiandikia wenzangu barua za kuomba karo za watoto, mimi ndiye waliyeniita "Prof" kwa mzaha. Nilijiona mtu wa akili kati ya watu wa misuli. Na jioni ile, akili yangu yote haikuwa na faida kuliko chupa niliyoibeba. Nilijua kila kitu kilichohitajika kujulikana, na kujua kwangu hakukumsaidia hata mtu mmoja. Nilianza kushuku kwamba hekima si kujua. Yule mwenye bucha hakuona ajali. Hakujua nani alikuwa na makosa. Alijua jambo moja tu, kwamba mtu asiuawe mlangoni pake, na akalitenda. Kati yangu na yeye, nani alikuwa na hekima?

Sitaki kuwapaka wenzangu matope nikajiacha mimi nikiwa msafi, wala sitaki msomaji afikiri kwamba umati wa boda boda hutoka hewani. Una chanzo chake. Mwendeshaji akigongwa, mara nyingi mwenye gari hukimbia. Asipokimbia, huja na mtu mkubwa kwenye simu. Pikipiki yenyewe mara nyingi si yako, ni ya mkopo au ya tajiri anayetaka shilingi mia tatu zake kila jioni, uwe umefanya kazi au uko hospitalini. Kwa hivyo tulijifunza kukimbiliana. Mmoja akianguka, wote tunafika. Hilo ni jambo jema, na sitalionea aibu. Shida ni kwamba tulijifunza kufika haraka kuliko tulivyojifunza kuuliza.

*

Machi 2022 nchi nzima iliona video ya mwanamke aliyezingirwa na waendeshaji boda boda ndani ya gari lake na kudhalilishwa, hapa Nairobi. Rais wa wakati huo akaamuru msako. Pikipiki zilikusanywa kwa malori. Sisi ambao hatukuwa hata karibu na mahali pale tulilala na njaa siku kadhaa tukizificha pikipiki zetu kwenye vyumba vya kulala, na abiria wa kike waliokuwa wakitupungia mkono wakaanza kupita wakiangalia chini.

Kitu kilichonichoma zaidi kilikuwa jina la barabara. Tulizoea kuiita Forest Road, lakini jina lake sasa ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Nilikaa na jambo hilo usiku mwingi. Shuleni tulifundishwa Wangari wa miti na wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004. Lakini mwaka 1989, serikali na chama tawala walipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, hakuanza kwa kupiga kelele barabarani. Alianza kwa kuandika barua. Aliandikia ofisi moja baada ya nyingine, hapa na ng'ambo, akiuliza kwa nini bustani ya wananchi itolewe. Bungeni walimkejeli. Shirika lake lilitimuliwa kwenye ofisi za serikali lilimokuwa. Hata hivyo wenye pesa walirudi nyuma, na jumba halikujengwa. Ukipita leo, nyasi bado ziko.

Sisemi kwamba mimi ni Wangari. Nasema tu kwamba nilikuwa nimezoea kufikiri ujasiri ni sauti kubwa na kifua. Siku ile ya gari jeupe, watu wote waliokuwa na sauti kubwa na kifua walikuwa wakiogopana. Kila mmoja alimtazama mwenzake kuona kama amepunguza hasira. Mtu mmoja kuuliza swali moja, "Nani ameona?", lingekuwa jambo gumu kuliko kuwasha kiberiti.

*

Baada ya msako, kila steji ilitakiwa kujipanga upya: orodha ya wanachama, riflekta zenye namba, mwenyekiti wa kuitwa kukiwa na shida. Mwenyekiti wetu wa zamani akakataa kuendelea. Nani anataka kazi ya kuitwa polisi? Mei 2022 tukakutana nyuma ya kioski cha chai, na jina langu likatajwa. "Prof anajua kuandika," wakasema. Ndiyo sifa pekee niliyopewa.

Nilikuwa nimepanga kukubali na kushukuru. Badala yake nikajisikia nikisema, "Kabla hamjanichagua, kuna kitu."

Nikawaambia. Kwamba siku ya gari jeupe nilikuwa kwa mama wa mahindi. Kwamba niliona. Kwamba mwenzetu ndiye aliyekuwa upande usio wake. Kwamba petroli ilitoka kwenye tangi langu. Yule aliyevunjika mkono alikuwa ameketi pale pale, mkono wake umepona ila kidole kimoja hakikunji. Sikuweza kumtazama. Goti langu moja lilikuwa linatetemeka hadi nikalishika kwa mkono.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akasema, "Sasa hii unatuambia ya nini?" Mwingine akacheka. Ni yule wa kidole aliyevunja kimya. Akasema polepole, "Mimi nilijua. Nilikuwa nangoja kuona kama kuna mwingine anajua." Miaka miwili na nusu alikuwa amebeba mzigo uleule, na tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi.

Walinichagua. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya niliyosema au kwa sababu hapakuwa na mwingine. Siku hiyo tuliandika sheria moja kwenye kitabu cha steji, kwa mwandiko wangu: kukitokea ajali, kabla mtu yeyote hajagusa gari, mwenyekiti atauliza nani ameona, na aliyeona atasema mbele ya wote. Mzee akaongeza ushauri ambao haukuandikwa. Aliniambia, "Umati hauna masikio. Mtu ana masikio. Siku hiyo ikifika, usiongee na umati. Ita watu kwa majina, na kila mmoja mpe kazi. Mkono wenye kazi haushiki jiwe."

*

Siku hiyo ilifika Septemba 2023, saa mbili usiku. Safari hii makosa hayakuwa yetu. Msichana mmoja, dereva asiye na uzoefu, aligeuza gari bila kutazama na kumburura kijana wetu mdogo kuliko wote. Mguu ulivunjika mahali pawili. Nilipofika, kioo kimoja cha gari kilikuwa tayari chini, na msichana alikuwa ndani akilia, milango ameifunga.

Niliogopa. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa na hofu ileile ya 2019, ilikaa mahali palepale tumboni. Tofauti ilikuwa kwamba sasa nilijua ladha ya kile kinachofuata ukiitii.

Nikasimama mbele ya mlango wa dereva na kuanza kuita majina. Wewe, zuia magari upande wa juu. Wewe, tafuta mbao mbili za kufunga mguu. Wewe, piga picha ya namba ya gari na ya barabara kabla hatujasogeza kitu. Nani ameona? Mama mmoja wa mitumba akainua mkono, nikamwomba aseme kwa sauti. Akasema, msichana ndiye mwenye makosa. Kelele zikapanda. Nikasema ndiyo, ana makosa, na ndiyo sababu tunamtaka mzima na gari lake zima, kwa sababu gari lililoungua halilipi hospitali.

Wa steji yetu walinisikia, wengi wao. Wa steji nyingine hawakuwa na sababu ya kunisikia. Mmoja wao alinipiga kofi lililoniangushia helmeti. Sikurudisha. Mzee na wengine wanne walikuja wakasimama nami, na tukakaa hivyo, migongo kwenye gari, mpaka polisi walipofika baada ya dakika arobaini.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Bima ilichukua miezi kumi na minne kulipa. Miezi hiyo yote kijana wetu alikuwa nyumbani, mke wake akifulia watu nguo. Tulimchangia shilingi hamsini kila mmoja kwa siku, kisha ishirini, kisha wengine wakachoka. Ukazuka uvumi kwamba msichana alikuwa amenipa pesa usiku ule. Mke wa kijana aliniuliza uso kwa uso, mbele ya watoto, nilikula ngapi. Nilimjibu kwa adabu kwamba sikula kitu, nikaona hakuniamini, na sikuwa na la kuongeza. Kwenye uchaguzi uliofuata nilipata kura tisa. Mwenyekiti mpya ni mtu mzuri, ana sauti kubwa kuliko yangu.

Pesa za bima zilipokuja, ziliwatosha kulipa deni la hospitali na kununua pikipiki ya mitumba. Kijana alikuja nayo steji akichechemea kidogo. Alinisalimia. Hakusema zaidi, nami sikungoja zaidi.

*

Mama sikuwa nimemwambia habari za chupa ya petroli. Nilimwambia juzijuzi tu, nikimsaidia kuchambua sukuma wiki za kuuza. Nilitaka kumlaumu kidogo, nakiri. Nikamwambia, "Mama, si ni wewe uliyenifundisha kwamba kwa mwoga huenda kicheko?"

Aliendelea kufunga mafungu yake ya shilingi ishirini. Kisha akasema, "Nilikufundisha uogope malori. Sikukufundisha uogope watu wako."

Nimeifikiria sana tofauti hiyo. Barabarani bado mimi ni mwoga, na nitabaki mwoga, kwa sababu lori halina masikio. Lakini kwa watu wangu, wale ninaokunywa nao chai na ninaojua majina ya watoto wao, uoga wangu ndio ulioleta kilio. Methali ni ya kweli, ila inabidi ujue uko wapi unapoitumia.

Wiki iliyopita kijana mpya, hajamaliza hata mwezi kwenye steji, alinifuata akiwa anasitasita. Alisema ameona mmoja wetu akimzidishia nauli mama mzee mgeni, na mama yule akalipa bila kusema. Akauliza kama ni vizuri aseme au anyamaze, kwa kuwa yeye ni mgeni na yule ni mkubwa wake.

Nikamuuliza, "Uliona?"

"Niliona."

Nikamwambia mkutano ni Jumapili saa nane, na kwamba nitaketi karibu naye.